Asante Iliyotangulia

Bwera, Kasese
Jumapili, baada ya ibada

Kwa kaka yangu Nobert,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Butembo, wewe na wifi yangu Blandine na watoto, na kwamba ile milio ya bunduki uliyonisimulia mara ya mwisho imewaacha mlale. Mkono ulioungua kwa maji ya rejeta ulipona? Na yule mdogo, ameshaanza shule au bado anamng'ang'ania mama yake? Mimi mwilini ni mzima. Zaidi ya hapo usiniulize kwanza.

Naandika kwa Kiswahili, si kwa Lhukonzo chetu, kwa sababu nataka wifi aisome mwenyewe bila kutafsiriwa. Yeye naye alikataliwa, kwa hiyo ana haki ya kujua. Naandika kwa mkono kwa sababu namba zetu zote umezifunga, na sikulaumu. Ningekuwa wewe ningezifunga mapema zaidi. Hamuza, yule dereva wa lori la maharage anayevuka pale Mpondwe, ameniahidi kwamba ataitia mkononi mwako yeye mwenyewe. Sasa nakujua, Nobert, wewe hata kitabu cha nyimbo unakianzia nyuma. Leo nakuomba usome kwa mpangilio. Ukirukia mwisho utanichukia kabla hujaelewa, na mimi ningependa unichukie ukiwa umeelewa.

Jambo lenyewe ni lile jibu ulilopelekewa mvua zilipoanza: kwamba wazee wamekaa, baba ameridhia, na wewe na familia yako msirudi kukanyaga kiwanja hiki. Nataka ujue jibu lile lilitoka wapi.

Unajua kiharusi kilimwachia baba mkono wa kushoto, masikio na akili yake yote, kikamnyang'anya ulimi. Wewe hukuwepo, kwa hiyo hujui ilivyokuwa kumwona. Baba yule yule wa sokoni Mpondwe, aliyeweza kumpatanisha mama wa Kikongo na Mganda wanaogombea pipa la mawese mpaka wakaondoka wanachekeana, akawa mtu wa kukaa kwenye kiti kando ya njia na kutoa sauti ya koo tu. Watu wakipita wanamsalimia, naye hana la kuwarudishia. Kwetu salamu isiyojibiwa ni sawa na mlango uliofungwa mbele ya pua ya mgeni. Wengine walidhani amekuwa na kiburi. Wengine, wenye huruma, waliacha kumsalimia ili wasimtese, na hao ndio waliomuumiza zaidi.

Mimi wakati huo nilikuwa Kasese mjini, kwenye ofisi ya Zubairi, yule kijana aliyenifundisha kazi ya kuandika programu za simu. Nikajiambia, nisomeshwe na kahawa ya baba halafu baba akose hata neno la kusema? Nikamtengenezea programu. Ukiifungua unaona ubao wa picha: maji, dawa, jua, kanisa, nyumba, mkono wa kuita, mkono wa kukataa, na nyuso zetu sote. Uso wako pia uliwekwa, ile picha uliyovaa koti la kazini. Baba anagusa picha kwa mkono wa kushoto na simu inasema neno hilo kwa Lhukonzo. Maneno yalirekodiwa na Nasani, mtoto wa baba mdogo Eridadi, maana sauti yake inakaribiana kidogo na ya baba. Baba alijifunza siku ile ile. Akili yake haikuwa imeguswa, nakuambia.

Ila programu ilikuwa nzito kuamka.

Ngoja nikueleze, kwa sababu maisha yetu yote yameingia kwenye tundu hili. Programu nyingi za simu haziongei na simu moja kwa moja. Chini yake kuna mtambo wa kati unaozisimamia: unazitafsiria, unazitengea nafasi ya kumbukumbu, unazizolea takataka. Ni mtambo mzuri, bila huo watu wenye akili za kawaida kama mimi tusingeandika kitu. Lakini lazima uamke wenyewe kwanza ndipo uiamshe programu yako. Wewe ni fundi wa dizeli, unaijua injini ya Fuso asubuhi ya baridi. Ikishapata moto inapanda mlima na mzigo wake, ila kabla ya hapo unaweza kuipigia magoti. Yangu ilikuwa hivyo. Na ile simu ndogo niliyomnunulia baba ilikuwa na kumbukumbu finyu. Akiiweka kando kidogo tu, inaitupa programu nje ili ipate kupumua, na akiigusa tena tunaanza upya.

Kwa hiyo ikawa hivi. Mama mmoja wa jirani anapita na kikapu, anamsalimia, wabukire, tata. Baba anagusa simu. Kiduara kinazunguka kwenye kioo. Ungeweza kuanza Baba Yetu ukafika kwenye mkate wetu wa kila siku, kiduara bado kinazunguka. Mama amesubiri, ameona haya, ameaga. Akiwa ameshafika kwenye migomba ya chini, ndipo simu inapaza sauti kuijibu njia tupu, na watoto wa jirani wanaanguka kwa kicheko. Baba akawa anaikalia simu, anaificha chini ya paja. Baba mdogo Eridadi alikuja kuiangalia, akatikisa kichwa na kuniambia mbele ya watu: "Hii simu yako iko nalala kupita mugonjwa. Muzee akisema moto, nyumba itakuwa ilishaka isha." Watu walicheka. Na mimi nilicheka nao.

Nilipigana nayo, kaka. Nilipunguza picha. Nilichelewesha kila kisichohitajika mwanzoni. Nilijaribu kuitafsiri kabla, ili mtambo usianze kutafsiri wakati mzee anasubiri. Nilipata nafuu kidogo, kama mtu anayechota ziwa kwa kikombe. Kuiandika upya yote kwa lugha inayoongea na simu moja kwa moja kungechukua miezi, na kila wiki niliyokuja Bwera nilikuta baba amenyamaza zaidi.

Zubairi ndiye aliyenitoa huko, na simlaumu hata kidogo. Aliniambia wahenga walisema haraka haina baraka kwa sababu hawakuwahi kusubiri simu. Halafu akaacha utani. Akasema binadamu hapimi kungoja kwa saa, anapima kwa hofu ya kutosikika. Mgeni ukimpa kiti na maji ya kunawa, ugali wa obundu unaweza kuchelewa jikoni vile vile na yeye atasema amehudumiwa upesi. Basi na programu umpe mtu kiti: simu itoe sauti papo hapo inapoguswa, kitu chepesi kisichohitaji ule mtambo, na mengine yaamke nyuma ya hiyo sauti. Aliniambia niweke kikohozi, kama mzee anavyosafisha koo kabla ya kusema. Kikohozi hakimaanishi kitu.

Mimi nikaona kikohozi ni dharau. Nilikuwa na ujumbe wa zamani wa sauti ya baba mwenyewe kwenye simu yangu, wa kabla ya ugonjwa, siku niliyomtumia dawa ya macho. Mwishoni anasema, kwa ile sauti yake nzito inayotabasamu, wasingya. Asante. Nikalikata neno hilo moja nikaliweka mlangoni mwa programu.

Nobert, laiti ungekuwepo siku ile. Mama wa kwanza alipita, akamsalimia, baba akagusa simu, na hapo hapo, kabla mama hajavuta pumzi, sauti ya baba ikasema wasingya. Sauti yake mwenyewe! Yule mama aliweka kikapu chini akalia. Walikuja kutoka nyumba zote. Watu walijipanga kumsalimia kama siku ya sikukuu. Kasi ya programu haikuwa imeongezeka hata chembe, ubao bado ulifunguka wakati ule ule wa mkate wa kila siku, lakini hakuna aliyeona kwamba anangoja, maana alikuwa ameshashukuriwa. Hata Eridadi alinishika mkono akaniita injinia. Nilivimba kichwa mpaka kofia ingekataa. Kwa baba neno lile lilikuwa mlio wa mlango tu. Alijua simu husema hivyo inapoamka, akawa hata haijali, anangoja ubao ufunguke ndipo aseme yake.

Sasa unakumbuka utaratibu wa nyumba yetu alioacha babu. Kwenye kikao cha wazee kila mtu husema, na mwenye nyumba husikiliza hadi mwisho. Akiwa na neno, analisema. Akitoa asante, ameyapokea yaliyosemwa kama yalivyo, kikao kimefungwa, na hakuna anayefungua mdomo tena juu ya jambo lile. Wewe mwenyewe uliwahi kuchapwa kwa kusema baada ya asante.

Barua yako ilipofika, ukiomba kuja na watoto kwa sababu ya vita, wazee walikaa. Eridadi alisema yale unayoyajua: kwamba mzaliwa wa kwanza asiyetupa udongo kwenye kaburi la mama yake hawezi kuingia hivi hivi kujenga kiwanjani, hata kama siku ya mazishi mpaka ulikuwa umefungwa. Nilisema mpaka ulikuwa na askari. Walinisikiliza vizuri sana wakaendelea. Walikuwa wazee wengi na maneno yao marefu, na simu ilikuwa imekaa muda mrefu mapajani mwa baba bila kuguswa. Mwishoni Eridadi alimgeukia baba, akamwambia kwa heshima kwamba hayo ndiyo mawazo yetu, Nobert asije, sasa tunakusikiliza wewe mwenye nyumba.

Baba aligusa simu. Ikasema wasingya.

Watu wakaitikia, wakainuka. Mabenchi yakasukumwa, mtu akaanzisha wimbo wa kufungia, wote wakaupokea, na wewe unajua watu wa huku wanavyoimba wakimaliza jambo zito. Eridadi alimshika baba mkono kwa mikono miwili. Mimi nilikuwa nimekaa chini kando ya kiti. Ubao ulikuwa bado haujafunguka.

Kaka, hapa ndipo nilipokuwa nakupeleka. Ubao ulifunguka katikati ya wimbo. Baba aligusa uso wako. Akagusa nyumba. Akagusa mkono wa kuita. Simu ikasema kwa sauti ya Nasani: Nobert, nyumbani, aje. Nilisikia vizuri, sikio langu lilikuwa usawa wa goti lake. Waliokuwa wakiimba hawakusikia. Baba alisikia. Aliegemea nyuma, akawatazama wote wanaoimba, uso wake ule wa upande mmoja ukajaa furaha. Alidhani wanaimba kwa sababu mtoto wake ameitwa.

Mdomo nilikuwa nao. Ningenyoosha mkono tu. Lakini kuwasimamisha kungekuwa kuwaambia kwamba ile asante haikuwa ya baba. Si ya siku hiyo tu. Kwamba wale mama wote walioweka vikapu wakalia, walijibiwa na simu, na baba hakuwa amemchagulia hata mmoja wao neno lile. Niliwaza uso wa Eridadi aliyeniita injinia. Niliona aibu, Nobert, aibu ya kawaida kabisa, kama ya msichana aliyechafua nguo, na kwa ajili yake nilinyamaza. Nikajiambia nitamweleza baba mdogo kesho peke yake. Lakini siku hiyo hiyo alikuwa ameshatuma mtu Mpondwe na jibu. Mficha uchi hazai, nami kila siku niliyoficha ilizaa nyingine.

Kesho yake baba alitaka kiti chake kigeuzwe kitazame barabara inayotoka mpakani. Tuligeuza. Kila lori lililobadilisha gia kwenye mteremko alinyoosha shingo. Aligusa uso wako, kisha jua, akaniangalia, maana yake ni leo? Nilimjibu kwamba mpaka una usumbufu. Wiki zikapita. Nikasema wanaandaa safari. Nikasema mtoto ana homa. Nilimpa kiti na maji ya kunawa kila siku, na jikoni hapakuwa na moto.

Baba tulimzika Alhamisi, Nobert. Najua wengine wangekuambia kwenye mstari wa kwanza. Nisamehe kwa hilo peke yake, mengine usinisamehe upesi. Alilala mchana akiwa kitini na hakuamka, hakuteseka. Amelala kando ya mama, kwenye kahawa ya juu. Wakati wa udongo waliita mzaliwa wa kwanza, watu wakatazamana, Nasani akatupa kwa niaba yako. Wa mama ulinyimwa na askari. Wa baba nimekunyima mimi.

Jana nilimweleza Eridadi kila kitu. Hakunipigia kelele. Alivua kofia, akaiweka magotini, machozi yakashuka hadi kwenye ndevu. Nikamwomba afungue upya kikao. Akaniambia: "Mutoto wangu, mwenye kufunga alishaka enda. Nani iko na kinywa ya kufungua?" Wazee wengine wawili walisema hivyo hivyo. Kwa hiyo sina habari njema ya kukutumia. Neno la baba linalojulikana hapa bado ni lile nililolikata mimi na kuliweka mlangoni. Kazi ya Kasese nimeiacha. Nikiona kiduara kinazunguka kwenye simu ya mtu, natoka nje.

Limebaki moja, nami nimelizungukia barua nzima kwa woga. Siku ya soko ya mwisho kabla hajafa, malori yalipita mengi na hakuna lililosimama. Jioni baba aligusa simu, ikatoa asante yake, tukangoja wote wawili. Ubao ulipofunguka aligusa uso wako, akagusa mkono wa kukataa, akagusa nyumba. Nobert, hataki, nyumbani. Halafu akanitazama. Nilianza kulia. Alidhani nalia kwa sababu umetukataa. Akainua ule mkono wake wa kushoto, akauweka kichwani pangu, akanipapasa, ananituliza mimi.

Wewe hukukataa. Unajua wewe na najua mimi, na baba amekufa bila kujua.

Nakuagia hapa, Hamuza anapiga honi. Mpe wifi Blandine salamu zangu, watoto uwabusu hata kama hutawaambia ni nani aliyewatuma busu. Wazee wamesema usije, lakini baba aliita, na mimi ndiye shahidi pekee.

Ni mimi mdogo wako,
Kabugho